Koki ya Fundi Bento

Mwezi uliopita nililala kwenye nyumba ya wageni katika mji mmoja wa pwani. Sitautaja, kwa sababu nimelala katika miji mingi na sasa yote inaanza kufanana. Asubuhi nililetewa chai iliyopikwa kwa maji ya kisima kilichoingiliwa na bahari. Mhudumu aliomba radhi, nikamwambia aiache. Nilikaa na kile kikombe mpaka kikapoa. Chumvi ilikuwa kidogo tu, pembeni mwa ulimi, si ya bahari wala si ya mto, na mimi mtu wa miaka arobaini na kitu nikashindwa kumeza. Ladha ile niliikimbia siku moja nikiwa mtoto, na aliyeumia kwa kukimbia kwangu alikuwa mtu mwingine.

Sikuzaliwa Kusini. Nilizaliwa Kilosa, karibu na stesheni, na maji mapana niliyoyajua ni ya mto uliopita nyuma ya nyumba zetu. Baba alipofariki na mama kuolewa tena, mjomba Saidi, kaka yake mama, alikuja kunichukua. Wenzangu wa umri huu mnaikumbuka safari ya Kusini ya enzi zile. Treni mpaka Dar es Salaam, siku mbili za kusubiri lori, halafu kukaa juu ya magunia ya sukari hadi Rufiji, ambako tulikuta pantoni imekwama ng'ambo na foleni ya malori yenye watu waliokwisha kuzoeana kama majirani. Tukalala Nangurukuru chini ya lori. Baada ya hapo matope, kushuka na kusukuma, kupanda, kushuka tena. Mjomba alikuwa na mkeka mmoja na birika moja, na kila tuliposimama alinichemshia chai kabla ya kuuliza kama nina njaa. Siku ya saba tulifika Mtwara miguu ikiwa imevimba, tukapata gari jingine lililotupitisha kijiji cha Ziwani kwenye mikorosho, na kipande cha mwisho tukatembea.

Kijiji chake kilikuwa pale Ruvuma inapokaribia bahari, ndani ya mikoko. Nilipoyaona yale maji nilidhani tumefika baharini. Mjomba akachota kwa kiganja, akaniambia nionje. Yalikuwa matamu, kama ya Kilosa. Jioni ile ile, mahali pale pale, akaniambia nionje tena. Nikabugia kwa kiu, nikatapika hadi machozi yakanitoka, na watu waliokuwa wakitengeneza nyavu wakacheka sana.

"Huu mto hauna msimamo," mjomba alisema akinifuta mdomo kwa kikoi chake. "Asubuhi wa kwetu, jioni wa bahari. Macho hayakusaidii. Ulimi tu."

Mjomba alikuwa mpiga mbizi wa kambakoche. Alizama kwenye miamba ya nje akiwa na fimbo iliyofungwa pweza mfu nchani. Kambakoche humwogopa pweza kuliko kitu chochote, basi akiingiziwa ile fimbo upande mmoja wa shimo hutoka mbio upande wa pili, na mjomba alikuwa hapo akimsubiri kwa mikono. Tatizo lake halikuwa kuwapata. Mnunuzi wa Mtwara mjini aliwataka hai, wakipiga mikia, na hakuja kila siku. Walikufa ndani ya mashua kwa jua, walikufa ndani ya matenga yaliyofungwa kwenye mikoko, na aliyekufa mnunuzi hakumgusa hata kwa kiatu. Tulikuwa tunawala wenyewe mpaka nikawachoka. Leo nikiwaambia watu kwamba nilipokuwa mtoto nililia nikitaka dagaa badala ya kambakoche, hawaniamini.

Ndipo akaja Bento. Alikuwa amevuka mto kutoka Msumbiji kwa sababu ya vita, pamoja na watu wengine wengi, na kule kwao alikuwa fundi bomba katika misheni ya mapadri. Alikuwa mrefu, amechanjwa usoni kama wazee wa Kimakonde wa wakati ule, na alisema "Luvuma" kama walivyosema nusu ya majirani zetu. Alilala kwenye kibanda cha nyavu cha mjomba. Aliposikia habari za kambakoche hawa wanaokufa, akakaa siku nzima akiitazama mashua yetu, halafu akamwambia mjomba kwamba dawa yake ni tangi ndani ya chombo, na tangi lenyewe lazima lipumue, kwa hiyo itabidi atoboe mashua.

Mjomba alicheka. Kesho yake alikuwa hacheki tena. Keshokutwa akauliza, matundu mangapi?

Kazi ile ilichukua wiki mbili na kijiji kizima kilikuja kutazama. Bento alijenga sanduku la mbao katikati ya mashua, kati ya mataruma mawili, zile mbavu za chombo, na kulikalafati kwa pamba na mafuta ya papa mpaka likashika maji kama mtungi. Vipande vya bomba alivipata kwenye vyuma vilivyobaki porini tangu zama za mradi wa karanga wa wakoloni. Kimoja kilikuwa na koki ya shaba ambayo bado ilizunguka. Aliisafisha kwa mchanga siku tatu. Bomba la chini, lenye koki, lilitokea chini ya mashua na mdomo wake ukatazama mbele, ili chombo kikienda, au mkondo ukija, maji yasukumwe ndani yenyewe. La pili, la kutolea, alilipitisha nyuma, juu kidogo, nalo akalichongea kizibo cha mti. Penye nyuzi za chuma, zile za kukazia bomba, alizungushia katani iliyopakwa rangi, na penye mbao akaweka duara la mpira alilokata kwenye tyubu ya baiskeli.

Siku ya kutoboa, mjomba aligeuza uso. Keekee ilipopenya ubao wa chini, jirani yetu Mzee Chande akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Saidi, sasa mnunuzi hatahangaika kuja. Kambakoche watapanda wenyewe." Watu wakaangua kicheko. Mwingine akamuuliza Bento kama na mitumbwi ya kwao hutobolewa hivyo, ndiyo maana wakaja kwa miguu. Bento alikuwa ameingiza kidole kwenye tundu akilipima, kama mtu anayesikiliza kitu kwa kidole.

Tuliposhusha mashua majini, alikaa chini kando ya tangi akafungua koki robo, nusu, yote. Maji yakaja kimya, yakapanda, yakafika kwenye bomba la nyuma, yakaanza kutoka. Akapitisha kiganja kuzunguka kila kiungo na kutuonyesha: kikavu. Mjomba akasema alhamdulilahi mara tatu. Wiki ile kambakoche wa kwanza walikaa siku nne wakiwa wazima.

Lakini kulikuwa na sharti moja, na Bento alinifundisha mimi kwa sababu mimi ndiye niliyebaki kwenye mashua wao wakiwa na kazi nyingine. Kambakoche ni wa maji ya chumvi. Mashua yetu ililazwa kwenye mkono wa mto. Maji yakitoka, mto hutawala, na koki lazima iwe imefungwa. Maji yakijaa, bahari huingia, na hapo ufungue, kwa sababu maji ya ndani yamekwisha kuchoka. Kabla ya kugusa koki unachota kiganja, unaonja. Yakikolea chumvi, fungua. Yasipokolea, acha, koroga ya ndani kwa ndoo, subiri, onja tena. Kila siku aliniuliza, "Umeonja?" na nilipojibu ndiyo alinigonga kichwani kwa kidole kimoja.

Nilimpenda Bento. Naliandika hili ili lijulikane. Kila siku ya gulio alikwenda Kilambo, kwenye kivuko, kuwauliza waliovuka karibuni kama wamemwona mwanamke aitwaye Lusia na mtoto wa kike mwenye kovu la moto mkononi. Huyo alikuwa mkewe, na mtoto alikuwa wa umri wangu. Walipotezana usiku wa kukimbia. Bento alikuwa ametuma maneno kwa kila mtu aliyerudi ng'ambo kwamba yuko kwenye mdomo wa mto, kwa Saidi mpiga mbizi, wamfuate huko huko. Kwa hiyo hakutaka kuondoka pale hata kwa siku mbili. Na wakati huo ndipo ilipokuja amri kwamba waliovuka wahamishiwe kwenye makazi yao, mbali na mpaka, safari ya lori ya siku nzima. Afisa aliyehusika alimwambia mjomba kwamba fundi mwenye kazi na mwenye kudhaminiwa anaweza kuachwa, ila yeye si mtu wa kusadiki maneno. Atakuja na mnunuzi aione hiyo kazi. Mnunuzi akiridhika na kukubali kununua kwetu kila wiki, atatia sahihi Bento abaki.

Siku ikapangwa. Ilikuwa ndani ya Ramadhani.

Mwaka ule nilikuwa nafunga kwa mara ya kwanza, mwezi mzima, si nusu siku kama watoto wadogo. Wale tuliosoma pamoja chuo cha Kurani tulichungana kama polisi. Huyu amemeza mate, yule ameoga akazamisha kichwa na maji yameingia sikioni, imeharibika. Mimi nilizidi wote. Nilitema mate mpaka koo likakauka. Na nilikuwa na siri: nilimwona Bi Zaituni, mke wa mjomba, akigusisha ulimi kwenye mchuzi alasiri, kisha akageuka na kutema. Niliamini kabisa kwamba hafungi, na kwamba amenificha aibu yake. Nikaitunza siri ile kwa huruma kubwa. Sikujua kwamba mpishi anaruhusiwa kuonja na kutema. Ningemuuliza mtu yeyote pale kijijini ningeambiwa. Sikuuliza, kwa sababu ningekuwa namchongea Bi Zaituni.

Tangu mwezi ulipoandama, Bento ndiye aliyekuwa akionja, yeye Mkristo. Siku ile mvua za bara zilikuwa zimenyesha wiki nzima. Tangini kulikuwa na kambakoche ishirini na watatu, wakubwa, mjomba alikuwa amezama hadi masikio yakatoka damu. Adhuhuri likaja neno kwamba gari la wageni limekwama mchangani njiani, wanahitaji watu wa kusukuma. Mjomba na Bento wakaondoka na vijana wote. Bento alipokuwa anapanda ukingo aligeuka.

"Maji yakijaa, onja, ndipo ufungue. Leo mto una nguvu."

Nikaitikia.

Maji yakapanda. Nilitazama mizizi ya mikoko ikifunikwa mmoja mmoja, na nikajiambia kwamba maji yanayopanda ni ya bahari. Nilichota kiganja. Nikakileta mpaka karibu na midomo, nikasikia ubaridi wake. Zilikuwa zimebaki saa tatu kufuturu, siku ile ilikuwa ya kumi na tisa nikifunga bila kuvunja hata moja, na nilikuwa nimekwisha kuwatangazia wenzangu hesabu hiyo. Nikamwaga. Nilichota mara ya pili, nikanusa. Nikamwaga tena.

Mtu yeyote wa pale angeona. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, na matete yaliyong'olewa na mto yalikuwa yakitupita kuelekea baharini, wakati siku nyingine maji yakijaa huyarudisha juu. Mbele ya mashua palitazama bara, hapakugeukia baharini kama kawaida maji yakijaa. Nilikuwa naviona vyote na nilikuwa natazama mizizi. Nikafungua koki yote, nikachomoa kizibo cha nyuma, nikakaa mkao wa mtu aliyetimiza wajibu.

Kwanza walitembea sana, wakipandana, wakigonga mbao. Nikadhani wamefurahi. Halafu wakaanza kutulia, na nikadhani wameshiba hewa, wamelala. Nilimgusa mmoja kwa kijiti, ndevu zake ndefu zikafuata kijiti na kuanguka. Nikafunga koki. Nikarudisha kizibo. Nikakoroga kwa ndoo kama mwendawazimu mpaka nikasikia sauti ya mnunuzi juu ya ukingo akilalamikia viatu vyake.

Walikuja wanne: mjomba, Bento, mnunuzi na afisa mwenye daftari. Mjomba alifunua kifuniko kwa madaha, mkono mmoja kiunoni. Akabaki hivyo hivyo.

Mnunuzi aliinama, akamwinua mmoja, mkia ukaning'inia. Akamrudisha majini taratibu kama mtu anayerudisha kitu alichokivunja dukani. Akasema amekuja mbali sana kutazama mchuzi.

Bento alichovya kidole tangini, akakitia mdomoni. Akanitazama.

"Ulionja?"

Sikufikiri hata kidogo. Jibu lilikuwa limekaa tayari mdomoni, kavu kama mdomo wenyewe.

"Nilionja. Yalikuwa chumvi."

"Ulionja kweli, mwanangu?"

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Kabla sijajibu, mjomba akaingilia. Alikuwa na aibu mbele ya wageni na alitafuta mahali pa kuitua. "Fundi, mtoto yuko kwenye saumu. Hawezi kusema uongo. Tazama koki yako."

Bento akaendelea kunitazama kwa muda ambao nimeendelea kuuona katika kila nyumba ya wageni niliyolala tangu siku hiyo. Nilikuwa na nafasi. Naikumbuka nafasi ile kama mtu anavyokumbuka mlango uliokuwa wazi. Nikatazama miguu yangu. Yeye akapiga magoti, akapitisha kiganja kuzunguka koki, kama siku ile ya kwanza, kila kiungo, na alipoinuka kiganja kilikuwa kikavu lakini hakutuonyesha.

"Basi itakuwa inavuja," akasema. "Imeingiza maji ya mto."

Afisa akaandika.

Magharibi nilifuturu. Bi Zaituni alikuwa amenipikia tambi kwa sababu ya kufikisha siku kumi na tisa, na mjomba alilisogeza bakuli kwangu na kusema nile, nimefunga kiume. Nilikula. Bento alikuwa nje kwenye kibanda chake. Tulisikia anakusanya vyombo vyake vya kazi, chuma kimoja kimoja.

Lori lilikuja siku ya tatu. Nilijificha kwenye mikoko mpaka mlio wake ulipotea.

Mjomba aliziba yale matundu mawili kwa mbao na lami. Sanduku likawa la kuwekea nyavu. Mwezi wa Ramadhani uliisha, sikukuu ikapita, na mwanzoni mwa kiangazi akatokea mwanamke mwembamba na mtoto wa kike, wakitokea Kilambo kwa miguu, wakiuliza nyumba ya Saidi mpiga mbizi. Mtoto alikuwa na kovu la moto mkononi. Bi Zaituni aliwapa uji na kuwaeleza kwa mikono, kwa sababu Kiswahili cha mama yule kilikuwa kidogo, kwamba fundi amepelekwa mbali, juu, kwa lori. Mwanamke aliuliza kwa nini. Mjomba alisema ni amri ya serikali. Nikatumwa niwasindikize hadi barabarani, na nilibeba mzigo wa yule msichana njia nzima. Tulipoagana alinishukuru. Kama walimpata au hawakumpata, sikupata kujua. Nimewahi kushuka kwenye basi katika miji nisiyokuwa na shughuli nayo kwa sababu niliona kibao cha fundi bomba.

Mwaka uliofuata mama aliandika barua kwamba nirudi, nimepata nafasi ya shule. Asubuhi ya kuondoka mjomba alinisindikiza kwenye lori la korosho. Alikuwa amebeba mkeka ule ule wa safari ya kuja. Tulipokuwa tunasubiri dereva amalize chai, nikamwambia. Nilisema haraka, nikitazama magurudumu: kwamba sikuonja, kwamba niliogopa saumu, kwamba koki haikuvuja.

Mjomba hakushtuka. Alikuwa anakunja mkeka, akaukunjua, akaanza kuukunja upya.

"Najua," akasema. "Nilirudi kwenye mashua usiku ule ule. Nikaifunga nikaikausha, nikakaa nayo mpaka daku. Haikutoa hata tone."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Lori la kumchukua Bento lilikuwa halijaja bado wakati huo. Siku tatu.

"Nilikuwa nakusubiri wewe useme," alisema. "Kila futari nilikuwa nakutazama. Nilisema, mtoto wa dada yangu atasema kesho." Akanipa mkeka. "Nisingeweza kwenda kwa afisa kukutaja wewe. Hilo nalo utaniuliza ukiwa mkubwa."

Dereva akapiga honi. Mjomba akaniinua kwapani, japo nilikuwa mkubwa wa kupanda mwenyewe, akaniweka juu ya magunia. Sikumwona tena. Nilipata habari za kifo chake nikiwa Mwanza, barua ikiwa imenifuata miji mitatu. Alikuwa amenifungia kitu kwenye kona ya mkeka, nikakigundua katika safari ile ile, tumekwisha kupita Lindi: ile koki ya shaba. Ilikuwa imesafishwa kwa mchanga, inang'aa. Nikaizungusha. Ilifunga sawasawa, na bado inafunga.